UZI: Meli na maboti yanayoachwa yafie ufukweni Kigoma, na yaliyowakuta wenzetu kwingine

Mwana Ujiji (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye nafasi akae asome. Nataka tuzungumze kuhusu vyombo vinavyotelekezwa kandokando ya Ziwa Tanganyika, kuanzia maboti ya mbao pale Kibirizi hadi meli za chuma zinazokaa miaka bila kuguswa. Hoja yangu naiweka mezani mapema. Chombo hakigeuki takataka siku kinapoacha kutembea. Kinageuka takataka siku akikosekana mtu wa kuulizwa, "Hiki ni chako?" Yakishafika hapo, gharama inamhamia mvuvi, inamhamia mama anayechota maji, na ziwa nalo linabebeshwa.

Nianze na Kibirizi. Ukishuka mwaloni asubuhi, dagaa wakiwa wameanza kuanikwa, kuna boti kubwa ya mizigo imelala ubavu. Mbao za juu zimeshang'olewa. Mataruma, yaani mbavu za boti, yamebaki wima, na kwenye maungio ya mbao za chini pamba ya kalafati, ile ya kuziba maji yasiingie, imechomoza nje, nyeusi kwa lami. Vijana wawili wamechuchumaa na nyundo. Wanachomoa misumari, wanainyoosha juu ya jiwe mmoja mmoja, wanaitia kwenye kopo. Kwenye shetri, upande wa nyuma, namba ya usajili bado ipo, ila nusu yake imebanduka pamoja na rangi. Nikauliza watu watatu pale mwaloni mwenye boti ni nani. Mmoja akaniambia mwenyewe alivuka kwenda Congo hakurudi. Wa pili akasema iliuzwa zamani. Wa tatu akasema ilikamatwa kwa deni. Watu watatu, wenye boti watatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwepo pale.

Hiyo ni mbao, na mbao ina huruma. Chuma ni kesi nyingine. Meli ya chuma ikiegeshwa maji hayaiachi ipumzike. Injini isipowashwa hakuna umeme wa kuendesha pampu. Mvua inaingia kwenye matundu ya sitaha, na maji ya ziwa yanapenya taratibu kwenye vali na pale mhimili wa rafadha unapotokea. Kwenye mstari wa maji, mahali bati linapopata unyevu na hewa kwa pamoja, kutu hula haraka kuliko sehemu nyingine yoyote. Wakati huohuo wezi wanaanza na vyepesi: nyaya, vipande vya shaba, vioo. Siku moja mtu anafungua vali asiyoijua kazi yake, na meli inakaa chini palepale gatini, ziwa likiwa shwari kabisa.

Naendelea baadaye, nawaachieni nafasi.

---

Reli ya Kati

Mkuu, umegusa jambo. Mimi niko Tabora, babu yangu alikuwa mtu wa reli, na huku kwetu habari za meli ya Liemba tumezisikia kama habari za ukoo, maana meli yenyewe ilipita hapa ikiwa ndani ya mabehewa. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, kwenye karakana ya Meyer mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam. Reli ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912, na Kigoma ikafika mwaka 1914. Masanduku yale yakapanda treni mpaka ziwani, meli ikaungwa upya Kigoma kwa ribiti, na mwaka 1915 ikashushwa majini kwa jina la Graf von Götzen.

Swali langu: hiyo nayo si ilitelekezwa? Wajerumani waliizamisha wenyewe. Tofauti yake na boti yako ya Kibirizi ni nini?

---

Mwana Ujiji

Kaka, tofauti iko kwenye grisi.

Julai 1916 Wabelgiji walikuwa wanaikaribia Kigoma, na Wajerumani wakaona meli itaangukia mikononi mwa adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo mafuta mazito kila pembe ili maji yasiguse chuma. Tarehe 26 Julai 1916 wakaipeleka chini, karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Mafundi hao ndio walioiunga, na walitumaini kuipata tena. Mtu anayetelekeza hapaki grisi.

Haikuwa na bahati mara moja. Wabelgiji waliiibua wakaileta Kigoma, ikazama tena mwaka 1920. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, wakafungua mitambo, wakaikuta inafaa kufanya kazi. Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Jumlisha mwenyewe: imezama mara mbili, imekaa chini ya maji kwa miaka, halafu ikabeba abiria kwa vizazi. Mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi wa Congo kwao. Mwaka 2015 ndiyo iliyokuwa ikiwachukua wakimbizi wa Burundi pale Kagunga, mahali ambapo barabara haikuwepo, ikiwaleta Kigoma. Nimewaona watu wakishuka gatini na watoto mgongoni, na meli ile iliyowahi kulala matopeni ndiyo iliyowafikisha. Leo nikisikia mtu anasema "ile ni chuma chakavu tu" naumia kwa kweli.

Liemba ilipoacha safari ikasubiri matengenezo, haikukosa mwenyewe. Watu waliendelea kuiulizia, magazeti yakaandika, serikali ikaiweka kwenye mpango wa ukarabati. Chombo kikiwa na mwenyewe kinaweza kusubiri.

---

Fundi Mbao

Naomba niongeze la ufundi, maana maboti ndiyo kazi yangu.

Watu wanashangaa mitambo ya Götzen ilistahimilije. Grisi ilisaidia, kweli, lakini na maji yetu yalisaidia. Ziwa Tanganyika ni maji baridi, hayana chumvi ya bahari, kwa hiyo chuma hakiliki kwa kasi ile ya pwani. Kwa mbao tofauti ni kubwa zaidi. Baharini kuna mdudu anayetoboa mbao akaifanya matundu matupu kwa muda mfupi. Huku hatunaye. Ndiyo maana mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa, wa boti iliyozama siku nyingi ukiuvuta nje unaweza kuukuta mzima, mgumu, unatoa moto kwenye msumeno.

Na kule chini kabisa ndiyo habari nyingine. Ziwa lina kina cha mita 1,470, na ukishavuka mita mia na kitu, mpaka mia mbili hivi, hewa ya oksijeni haipo. Kitu kikianguka huko kinaoza polepole sana.

Mbao za boti, wakuu, zinaoza zaidi zikiwa nje. Boti inayopandishwa ufukweni ikapigwa jua mchana na umande usiku, nusu ndani ya maji nusu nje, hiyo ndiyo inayokufa. Mwenye boti ananiambia, "Fundi, iache hapo nitarudi nikipata hela." Misimu miwili ya mvua, taruma limeshalainika, ukiligonga linaitika kwa sauti ya debe. Angekuja mapema tungeifungua, mbao nzuri tukazitumia kwenye boti nyingine, akaondoka na chochote mkononi. Akichelewa, inabaki kazi ya bure ya kuvunja, na kazi ya bure hakuna anayeifanya.

---

Binti Katonga

Shikamooni wakubwa. Mimi nafanya biashara ya samaki, na naona mnazungumza vizuri lakini mnatusahau sisi tunaoishi na hayo mabaki.

Kwanza, si kila mtu anachukia boti iliyokufa. Watoto wanavua hapo kwa ndoano. Samaki wadogo wa mawe wanaingia kwenye mataruma wanajificha. Mvua ikinyesha watu wanajikinga chini ya ubavu wake. Ukija na kelele kwamba iondolewe, uje na jibu la hayo.

Pili, kuna la kuniuma. Mbao za maboti zinauzwa kama kuni za kubanikia migebuka. Mbao ile ina rangi, tabaka juu ya tabaka, nyekundu, bluu, nyeupe, na lami kwenye maungio. Ukiiwasha moshi wake unachoma macho na una harufu ya duka la rangi. Rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi ndani, nayo ni sumu. Samaki anayekaa juu ya moshi huo ataliwa na mtu. Mimi nimekataa kununua, nalipa zaidi kwa kuni za kawaida, lakini mteja sokoni hawezi kujua ni yupi aliyebanikwa kwa nini.

Tatu, nyavu. Boti iliyozama karibu na ufuko inabaki na misumari na vyuma. Wavu ukinasa hapo unatoka vipande. Kaka yangu alipoteza wavu namna hiyo, na hakuwa na wa kumdai kwa sababu, kama alivyosema mwanzisha uzi, hakuna mwenye boti.

---

Baharia wa Tanga

Dada Binti Katonga, umesema kweli tupu. Nimefanya kazi melini, sasa nimetulia nyumbani, niwape picha ya kwingine.

Nouadhibou, Mauritania, ndiyo makaburi ya meli yanayotajwa kuliko mengi. Ghuba ilijaa meli za uvuvi zilizoachwa, waliozihesabu walikuwa wakitaja karibu 300. Hazikuzama kwa ajali moja. Wenye meli waliona kuzivunja kihalali ni gharama, kuziacha ni bure, na waliopaswa kuwazuia hawakuwazuia. Kila mmoja alipomwona mwenzake ameacha, naye akaacha. Kesi yenu ya Kibirizi ni hiyohiyo, ukubwa tu ndio tofauti.

Kuna makaburi ya aina nyingine, ya kazi. Alang kule Gujarat, India, na Chattogram kule Bangladesh. Meli inaendeshwa kwa nguvu wakati maji yamejaa mpaka inapanda ufukweni, maji yakitoka inabaki kavu, watu wanaanza kuikata kwa gesi. Chuma kinayeyushwa kinakuwa nondo. Ni riziki ya maelfu ya watu, na ni kazi inayoua: mabati yanaanguka, matangi yenye mabaki ya mafuta yanalipuka, na zile nyuzi za asbesto zilizofungiwa mabomba zinaingia mapafuni. Dunia ilitunga mkataba wa kuvunja meli kwa usalama pale Hong Kong mwaka 2009, na umeanza kutumika Juni 2025. Miaka 16 kati ya kusaini na kutumika. Hesabuni wenyewe meli ngapi zimekatwa katikati hapo.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa nchi kavu hawalioni. Meli ikitelekezwa, mara nyingi mabaharia wanatelekezwa nayo. Mwenye meli hapokei simu, mshahara hauji, chakula kinakwisha, na huwezi kushuka kwa sababu bandari inataka abaki mtu wa kulinda chombo. Sheria za kimataifa za kazi ya ubaharia sasa zinatambua kwamba miezi miwili bila mshahara ni kutelekezwa, na meli inatakiwa iwe na dhamana ya kuwarudisha watu makwao. Kabla ya 2017 hata hiyo haikuwepo.

Mkitaka kujua meli moja isiyo na mwenyewe inaweza kufanya nini, kumbukeni Beirut. Meli iitwayo Rhosus iliingia pale mwaka 2013 na tani 2,750 za amonia naitreti, ikashindwa kuondoka, ikaachwa. Mzigo ukashushwa ghalani. Meli yenyewe ikazama bandarini mwaka 2018 na hakuna aliyeshtuka. Tarehe 4 Agosti 2020 mzigo ukalipuka, watu zaidi ya 200 wakafa.

---

Reli ya Kati

Hilo la Beirut sikujua kwamba lilianzia kwenye meli iliyoachwa. Nimekaa kimya dakika kadhaa baada ya kusoma.

Mwanzisha uzi, rudi kwenye sheria. Nani anaweza kulazimishwa kuondoa chombo chake huko kwetu?

---

Mwana Ujiji

Ahsanteni wote, hasa dada wa Katonga. La kuni naomba wote mlisome mara mbili.

Kuna mkataba wa kimataifa wa kuondoa mabaki ya meli, na ulipitishwa hapo jirani, Nairobi, mwaka 2007, ukaanza kutumika mwaka 2015. Unasema mambo matatu ya msingi. Mwenye meli atoe taarifa chombo chake kikizama au kukwama. Akiwa na mabaki ya hatari, ayaondoe yeye, na asipofanya nchi itayaondoa kisha imdai. Na meli ya ukubwa wa tani 300 na kuendelea ibebe bima ya kulipia kazi hiyo. Hilo la bima ndilo lenye meno, kwa sababu mtu anaweza kutoroka, bima hubaki na anuani.

Tatizo ni kwamba mkataba ule ni wa bahari. Ziwa letu liko ndani ya nchi nne, Tanzania, Congo, Burundi na Zambia, na halimo. Nchi hizo nne zilisaini mkataba wao wa ziwa Dar es Salaam mwaka 2003, wa kulitunza na kulitumia kwa pamoja, na mamlaka yake ina ofisi Bujumbura. Ni msingi mzuri. Lakini boti iliyosajiliwa upande mmoja ikafia upande mwingine bado inampa mwenyewe nafasi ya kupotea, na ndivyo ilivyokuwa kwa ile ya Kibirizi, kama alivyosema yule wa kwanza.

Kwa nini ninalisisitiza ziwa hili kuliko jingine? Maji yake hayatoki kwa wepesi. Mlango wa kutokea ni mmoja, mto Lukuga pale Kalemie, na sehemu kubwa ya maji huondoka kwa mvuke. Mafuta, risasi ya rangi, asbesto, havipandi na mvuke. Kinachoingia kinakaa. Na ndani mna zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sato, karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Watu wa Kigoma wanakunywa maji haya.

Jambo jingine ni kwamba ufuko wetu unahama. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871 ziwa lilikuwa juu. Miaka michache baadaye Lukuga ikazibuka, maji yakashuka kwa mita nyingi, na leo ukisimama pale penye mnara wa kumbukumbu unatembea kidogo kabla ya kufika majini. Halafu miaka ya 2020 na 2021 ziwa likapanda tena, likaingia Kibirizi, likaingia majumbani. Mabaki yaliyokuwa nchi kavu yakajikuta ndani ya maji, na hakuna aliyejua yako wapi mpaka wavu unase. Anayesema "iache, ipo nchi kavu haimdhuru mtu" hajaliangalia ziwa kwa muda wa kutosha.

Kinyume chake kipo pia. Moynaq, Uzbekistan, palikuwa mji wa wavuvi kwenye Bahari ya Aral, ambayo kwa kweli ni ziwa. Kuanzia miaka ya 1960 mito iliyolilisha ikageuzwa kumwagilia pamba, maji yakakimbia, na meli zao za uvuvi zimebaki juu ya mchanga, maji yakiwa zaidi ya kilomita 100. Wale hawakutelekeza meli. Ziwa ndilo lililowatelekeza wao. Nazitaja ili tusiwaweke wote kapu moja na yule wa kuacha boti ili akwepe deni.

---

Fundi Mbao

Mkuu, maneno mengi mazuri, sasa tufanye nini? Mimi napendekeza jambo moja la kifundi. Boti ifunguliwe kabla haijalainika, na rangi ikwanguliwe nchi kavu juu ya turubai, isikwanguliwe kwenye maji. Mbao safi iuzwe ya kujengea, yenye rangi na lami isiuzwe kuni.

---

Binti Katonga

Na mwalo wenyewe una kamati ya uvuvi, BMU. Kamati inazijua boti zote, inajua nani alikuwa nahodha, nani alikuwa na hisa. Chombo kikikaa bila kuguswa msimu mzima, kamati iite ukoo mapema, kabla watu hawajaanza kuhadithiana. Kwetu Katonga ukimwita mjomba wa mtu mbele ya watu, majibu yanapatikana siku hiyohiyo.

---

Baharia wa Tanga

Naunga mkono. Pwani tulichelewa hapo. Ile manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyozama delta ya Rufiji mwaka 1915, watu walikuwa wakiikatakata vipande miaka na miaka, kila mtu na msumeno wake, mpaka matope yakaimeza. Wajukuu wetu hawana meli ya kuonyeshwa. Ninyi mna Liemba nzima. Na chini ya ziwa mna Hedwig von Wissmann, meli ya Wajerumani iliyozamishwa vitani Februari 1916. Hiyo ni kaburi la watu, iachwe ilale. Hizi za ufukweni ndizo za kushughulikia.

---

Mwana Ujiji

Nakubali yote matatu, na la Hedwig naliafiki kwa moyo wote. Kuacha kwa heshima na kutelekeza ni vitu viwili.

Basi tuanze na orodha. Kila mwenye kujua chombo kilichoachwa, kuanzia Kagunga mpaka Kalya, aandike hapa chini: mwalo, urefu kwa kukadiria, mbao au chuma, rangi, na namba ya usajili kama bado inasomeka. Majina ya watu msiweke hadharani, hayo yatapelekwa kwenye kamati. Aweke na picha ya shetri, maana ndipo namba inapokaa. Naanza mimi: Kibirizi, mbao, boti ya mizigo, bluu na nyeupe, herufi mbili za mwanzo zinasomeka, tarakimu za mwisho zimebanduka. Kesho asubuhi nakwenda na brashi niondoe tope, pengine zilizobaki zitaonekana.